Kishikio cha upinde wa mtoto: pima kiganja kwanza, mti baadaye

Likizo ya Juni ilipoanza, binti wa miaka 11 aliteremka kwenye basi mjini Tanga akiwa na begi la nguo na ubao mrefu mwembamba uliofungwa kwa magazeti. Ubao huo ulikuwa upinde ambao haujakamilika. Baba yake alikuwa ameuchonga nyumbani kwao Morogoro, kila Jumapili kidogo kidogo, mpaka akafika mahali kazi ikamshinda. Kilichobaki kilikuwa kishikio, yaani kile kipande kinene cha katikati ambacho mkono mmoja hukikamata huku mwingine ukivuta upote.

Alikuwa amempigia simu mzee wake, seremala mstaafu. "Baba, shikamoo. Nakuletea mjukuu wako na kazi yake."

"Marahaba. Mjukuu nampokea. Kazi nitaiangalia kwanza."

Babu alipoufungua mzigo aliutazama ubao mgongoni na tumboni, akaugonga kwa kidole, akaupinda kidogo dhidi ya goti. Akasema ubao unaridhisha. Kisha akauliza, "Na mti wa kishikio utatoka wapi?"

Binti alikuwa na jibu tayari. Ndani ya stoo kulikuwa na mguu mmoja wa kitanda cha marehemu bibi. Kitanda hicho cha mninga babu alikitengeneza kwa mikono yake kabla ya harusi yao. Mguu ulipata ufa siku walipokuwa wakihama, ukabadilishwa, lakini ule wa zamani haukutupwa. Binti amepewa jina la bibi yake, na tangu utoto babu humtania kwa kumwita "mke wangu". Kwake yeye hakukuwa na kipande kingine cha mti kilichofaa zaidi ya kile.

Babu akatikisa kichwa. "Ule hapana."

Chakula cha usiku hakikuwa na mazungumzo mengi siku hiyo. Shangazi mtu, anayeishi na mzee, alinong'ona kwamba baba anang'ang'ania kipande cha kuni. Binti aliona babu hataki kumgawia bibi yake. Mzee mwenyewe hakueleza kitu. Alikuwa na sababu mbili, na moja tu ndiyo ilikuwa ya moyoni. Ya pili ilikuwa ya kiseremala, nayo inamhusu kila mzazi anayetaka kumtengenezea mtoto upinde nyumbani. Kipande cha kishikio hubeba kazi kwanza. Uzuri na kumbukumbu hufuata baadaye.

Kipande hicho kinafanya nini

Kwa waliokosa safu ya wiki iliyopita, upinde wa aina hii huanzia kwenye ubao mmoja ulionyooka nyuzi. Upande unaotazama shabaha ni mgongo, na ule unaomtazama mrushaji ni tumbo. Sehemu mbili zinazopinda, ya juu na ya chini, ndizo mabawa. Ubao wenyewe ni mwembamba mno kukamatika vizuri, na ukishikwa hivyo hivyo utapinda hadi katikati na kuutikisa mkono kila mshale unapotoka. Kwa hiyo hubandikwa kipande cha mti tumboni, katikati kabisa, ili mahali hapo pawe pagumu pasipinde.

Si kila upinde unahitaji kipande hicho. Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi hutengeneza pinde zao kwa fimbo moja nzima bila kubandika chochote katikati, na pinde hizo huwalisha. Lakini anayeanza na ubao bapa wa karakana hana budi kuongeza unene wa kushika.

Upote unapovutwa, mabawa yanainama wakati kipande cha katikati kinataka kubaki kimenyooka. Mvutano wote unaishia kwenye ncha mbili za kipande, pale zinapokutana na ubao. Kama nyuzi za kipande zimekwenda mshazari, kama mti haujakauka, au kama kimekatwa kifupi na kuachwa kinene mpaka mwisho, ncha moja huanza kubanduka. Mara nyingi hutoa mlio mdogo kama kijiti cha kiberiti kinachovunjika. Mtoto akiendelea kuvuta baada ya mlio huo, kishikio kinaweza kuachia au ubao ukakatika pale pale akiwa ameuvuta upote hadi shavuni. Hiyo ndiyo sababu babu hakukurupuka.

Kiganja kabla ya msumeno

Asubuhi ya pili babu alikaa barazani na mjukuu wake, karatasi na penseli. Hakugusa msumeno. Binti huvuta kwa mkono wa kulia, basi mkono wa kushika upinde ni wa kushoto. Babu akauweka mkono huo juu ya karatasi, vidole vimebanana, akauchora. Kisha akapima upana wa kiganja bila kuhesabu kidole gumba, kwenye mstari wa vifundo vya vidole. Ilikuwa inchi 2 na robo tatu, yaani sentimita 7.

Kutokana na kipimo hicho kimoja, vingine vyote vilifuata.

Sehemu ya kushika ni upana wa kiganja pamoja na nafasi kidogo ya kupumua. Kwa binti huyu ikawa inchi 3. Kwa mtu mzima wa kawaida huwa kama inchi 4.

Kila upande wa sehemu hiyo huongezwa mteremko, yaani mahali ambapo kipande kinapungua unene taratibu mpaka kinakuwa chembamba kama kisu na kupotelea kwenye ubao. Inchi 2 kwa kila mteremko zinatosha. Hivyo urefu wote wa kipande ni inchi 3 kujumlisha 2 na 2, jumla inchi 7, karibu sentimita 18. Babu akaandika 8, kwa sababu ncha za mti uliokaa muda mrefu huwa na nyufa ndogo zisizoonekana, na inchi moja ya ziada ni rahisi kuikata kuliko kuirudisha.

Upana hufuata ubao. Ubao wa binti ulikuwa na inchi 1 na robo pale katikati. Kipande kikakadiriwa inchi 1 na nusu, ili kikiteleza kidogo wakati wa kubana gundi bado kibaki na pembeni pa kusawazisha kwa randa.

Unene ndio unaowakosesha wengi. Ubao ulikuwa na sentimita 1.6. Kipande kikapangiwa inchi 1, yaani sentimita 2.5, na jumla ikawa kama sentimita 4 kabla ya kukata pembe na kuuviringisha. Kwa mtu mzima jumla hiyo hufika inchi 1 na robo tatu hadi 2.

Hapa shangazi, aliyekuwa akichambua mchicha pembeni, aliuliza kama si afadhali kuacha kishikio kiwe kikubwa, kwa kuwa mtoto anakua. Babu akacheka. Sare ya shule inanunuliwa kubwa ili mwakani imtoshe. Kishikio kikubwa leo kinamfanya mtoto akaze vidole, kifundo cha mkono kinachoka, na mshale unakwenda kando. Mtoto huona hajui kulenga, kumbe kosa ni la mti.

Ili kumwonyesha, alimpa mjukuu ashike vitu vitatu kimoja baada ya kingine: mwiko, nyundo na mchi wa kinu. Mwiko ulimpotelea mkononi. Mchi ulimshinda. Kwenye nyundo alitulia. Mpini wa nyundo ulikuwa na umbo la yai, haukuwa wa mviringo kamili, na mkono wake ulijua wenyewe mbele ni wapi bila kuangalia. Hilo ndilo umbo la kishikio kizuri: mtoto akikikamata bila kubana, ncha za vidole zikaribie kitako cha gumba bila kukigonga.

Kusoma nyuzi za mti

Baada ya vipimo ndipo walipokwenda kwenye sanduku la vipande vya mabaki. Babu alimwambia mjukuu achague vitano vinavyozidi inchi 8, kisha wavikague pamoja.

Jambo la kwanza ni mwelekeo wa nyuzi. Zinatakiwa ziende sambamba na urefu wa kipande, kutoka ncha hadi ncha, na sambamba na uso utakaopakwa gundi. Kumbuka kwamba miteremko huishia ikiwa myembamba sana. Nyuzi zikikatiza hapo kwa mshazari, ncha itavunjika kama biskuti hata kama gundi ni imara.

Mistari ya rangi peke yake inaweza kudanganya, hasa kwenye miti yetu ya joto, ambayo mingi haina pete za mwaka zilizo wazi. Kuna njia mbili za kuhakikisha. Ya kwanza ni tone la wino. Lidondoshe kwenye uso uliopigwa randa, nalo litatambaa kufuata nyuzi halisi. Ya pili ni kupasua. Chukua kipande kidogo kilichokatwa kutoka ubao huo huo, ukipasue kwa shoka dogo. Mpasuko ukienda sawa na ukingo, mti unafaa. Ukikimbilia pembeni, tafuta mwingine.

Jambo la pili ni mafundo, pale lilipoota tawi. Fundo dogo katikati ya sehemu ya kushika linaweza kuvumiliwa. Fundo kwenye mteremko halivumiliki hata likiwa dogo kama punje ya mtama, kwa kuwa nyuzi hulizunguka na kupinda.

Jambo la tatu ni nyufa. Lowesha ncha za kipande kwa kitambaa chenye maji, kisha zitazame zinapokauka. Penye ufa, maji hukawia, na mstari mweusi hubaki baada ya sehemu nyingine kukauka.

Kati ya vipande vitano, viwili vilianguka kwa nyuzi na kimoja kwa fundo.

Kukausha hakuharakishwi

Kipande kibichi kikibandikwa kwenye ubao mkavu, kitaendelea kusinyaa baada ya gundi kukauka. Gundi inashika upande mmoja, mti unavuta upande mwingine, na mwisho wake kitu kimoja huachia. Tanga na miji mingine ya pwani ina hewa ya unyevu, hivyo mti unaoonekana mkavu kwa nje huenda bado unahitaji muda ndani ya nyumba.

Mafundi wana kanuni ya zamani: mti uliopasuliwa ukiwa mbichi huhitaji kama mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene, ukiwa umepangwa kivulini na kupitisha hewa. Kuuanika juani ili uwahi ni kuuita ufa. Ncha zipakwe rangi au nta ili maji yasikimbilie kutoka huko peke yake.

Kwa nyumba isiyo na kipimo cha unyevu, mizani ya jikoni inatosha, na kazi hii mtoto anaweza kuifanya mwenyewe. Kipande kipimwe uzito, uandikwe juu yake kwa penseli pamoja na tarehe, kisha kiwekwe juu ya kabati ndani ya nyumba. Wiki inayofuata kipimwe tena. Kama uzito unashuka, maji bado yanatoka. Uzito usipobadilika kwa wiki mbili au tatu mfululizo, mti umetulia na hewa ya hapo, na gundi inaweza kuandaliwa. Ubao wa upinde nao ukae chumba hicho hicho, ili vyote viwili vizoee hali moja.

Mti gani?

Kishikio hakipindi, kwa hiyo hakihitaji mti wa upinde. Kinahitaji mti mgumu wa wastani, unaoshika gundi, usiobonyea kwa ukucha.

Mninga na mkangazi ni rafiki wa anayeanza. Vinachongeka, havichezi sana vikishakauka, na gundi huvipenda. Mtiki, kama ule unaopandwa Longuza wilayani Muheza, na mvule ni imara lakini vina mafuta ya asili. Uso wake ukwanguliwe upya na kufutwa kwa spiriti, kisha ubandikwe siku hiyo hiyo kabla mafuta hayajapanda tena. Mpingo unapendeza kuliko yote, ila ni mzito kiasi cha kuzama majini, nao unasumbua gundi na kuumaliza msumeno. Kwa upinde wa mtoto, ukanda mwembamba wa pambo unatosha. Paini ni laini mno, hubonyea na kupasuka kwa urahisi.

Vumbi la mvule na la mpingo huwasha pua, macho na ngozi za watu wengi. Piga msasa nje, vaa barakoa, na mtoto mwenye pumu akae mbali.

Hakuna haja ya kumkatia mtu mti kwa ajili ya kipande cha inchi 8. Karakana yoyote ya seremala ina mabaki ya ukubwa huo, na mengi yamekaa miaka yakikauka. Na kama ndugu aliye Muscat au Marekani ataomba atumiwe kipande cha mpingo au mninga, asifungiwe tu kwenye begi la mgeni. Miti hiyo imo katika orodha za mkataba wa CITES, na mbao zake huhitaji vibali kuvuka mpaka.

Mguu wa kitanda

Siku ya nne, babu alikwenda stoo bila kuambiwa. Alirudi na mguu wa kitanda, akauweka juu ya benchi mbele ya mjukuu wake.

"Haya, mke wangu. Umeshajifunza kukagua. Ukague huu mwenyewe, kisha uniambie."

Binti akapima. Mguu ulikuwa na urefu wa kutosha, zaidi ya inchi 20. Lakini katikati yake kulikuwa na matundu mawili ya ulimi, pale mbao za ubavuni zilipokuwa zikiingia. Kutoka kwenye tundu moja, ufa uliteremka kuelekea chini. Alipaka maji, mstari mweusi ukabaki. Akaweka alama za penseli kila palipokuwa na kasoro. Sehemu ndefu kuliko zote iliyobaki salama ilikuwa inchi 5. Alihitaji 8.

Kisha babu akampa sumaku iliyotoka kwenye spika ya redio mbovu. "Mti uliowahi kuwa kitu kingine, upitishie hii kabla ya randa." Binti akaipitisha polepole. Karibu na tundu la juu, sumaku ikanata.

"Babu, kuna msumari humu!"

Shangazi akaja kuangalia. Juu ya mti hapakuonekana kitu. Babu alikaa kimya kidogo, halafu akaanza kucheka peke yake. Akasimulia kwamba wiki ile alipozaliwa mtoto wao wa kwanza, kitanda kilikuwa kikilia kila bibi alipogeuka, na mtoto anaamka. Fundi mwenye jina lake hapaswi kupiga msumari kwenye kiungo cha ulimi. Anatakiwa akifungue, akitengeneze upya. Lakini usiku ulikuwa mkubwa, mtoto analia, naye akapiga msumari mmoja, akaufukia kwa unga wa mbao na gundi, akarudi kulala. Alidhani hakuna aliyejua. Bibi alijua. Kwa miaka yote, kila babu alipojisifia kazi yake mbele ya wageni, bibi aliugonga mguu ule kwa kidole mara moja tu, na babu alinyamaza.

"Kumbe ndiyo maana ulikataa," binti akasema.

"Nilikataa kwa sababu kipande hakitoshi na kina ufa. Kingekuvunjikia mkononi. Lakini na hilo la msumari," akakiri, "lilikuwepo."

Palipoguswa na palipobeba

Suluhisho walilipata kwa kupima tena. Kipande chote hakihitaji kutoka kwenye mti mmoja. Mojawapo ya vile viwili vilivyofaulu ukaguzi kilikuwa cha mkangazi, kisicho na sura, mabaki ya fremu ya dirisha. Nyuzi zake zilikwenda sawa mwanzo hadi mwisho. Babu alikipasua kifikie unene wa robo tatu ya inchi, kwa urefu wa inchi 8. Hicho ndicho kilichokwenda chini, kwenye ubao, pamoja na miteremko yote miwili, pale penye kazi nzito.

Kutoka sehemu salama ya mguu wa kitanda, alikata ukanda wa mninga wa unene wa robo inchi na urefu wa inchi 3 tu, sawasawa na sehemu ya kushika. Huo ulibandikwa juu ya mkangazi, upande wa tumbo, pale kiganja kinaposukuma. Hapo mkono unaukandamiza mti, hauubandui. Robo tatu na robo ni inchi 1, kama karatasi ya barazani ilivyosema.

Kabla ya gundi, kila uso ulipigwa randa kali kisha ukabanwa mkavu na kuinuliwa kwenye mwanga wa dirisha. Palipopitisha mwanga palirudiwa. Mara ya tatu mwanga haukupita.

Miteremko ilichorwa kwa ukingo wa mfuniko wa sufuria, ili mkunjo uwe mpole usio na kona. Babu alisisitiza jambo moja: ubao chini ya kipande, na kidogo kupita ncha zake, usipunguzwe unene hata chembe. Bawa lianze kupinda baada ya kuuacha mteremko. Wengi huchonga mabawa mpaka chini ya kishikio wakitafuta ulaini wa kuvuta, na hapo ndipo kile kijiti cha kiberiti hulia. Kwa mtoto wa umri huu anayeanza, ugumu wa kuvuta wa ratili 15, kama kilo 7, unatosha. Ukiwa mgumu, utapunguzwa kwenye mabawa.

Wala hakukatwa dirisha la kupitishia mshale kwenye kishikio. Upana wa inchi 1 na robo hauna cha kuazimisha. Kipande kidogo cha ngozi kilichobandikwa ubavuni kinatosha kuulaza mshale.

Jirani mmoja aliyepita alimuuliza shangazi tangu lini wasichana wakashika pinde. Shangazi, yule yule aliyelalamikia kipande cha kuni, alimjibu kwamba mwaka 2016, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio de Janeiro, aliyebeba bendera ya majirani zetu wa Kenya alikuwa Shehzana Anwar, mwanamke mrusha mishale. Jirani akaaga.

Mwisho wa wiki ya pili, magunia ya katani yaliyojazwa majani makavu yalisimamishwa mbele ya ukuta wa nyuma, mahali pasipopita mtu wala kuku. Kabla ya mshale wa kwanza, babu aliukagua mstari wa gundi pande zote mbili, kisha akamwambia mjukuu wake afanye hivyo hivyo kila siku kabla ya kuvuta, na asiachie upote kamwe bila mshale. Ukiona ufa mwembamba kama unywele kwenye ncha ya mteremko, upinde unapumzika siku hiyo mpaka mtu mzima auone.

Binti akakamata kishikio. Vidole vilikaribia kitako cha gumba bila kukigonga. Mninga ulikuwa na rangi ya asali pale kiganja kilipokaa.

Kabla ya kuvuta, aliugonga kwa kidole, mara moja.

Babu akanyamaza.

*Wiki ijayo: namna ya kubana na kugundisha kishikio, na kusawazisha mabawa mawili yapinde sawa.*